Roboti ya Jana: Kisa cha Gemu Ndogo ya Kivinjari na Hesabu Iliyowafungia Wageni Mlango

## Usuli

Tulikuwa watatu: mchoraji, mwenzetu wa seva, na mimi niliyeandika sheria za mapigano. Jina la gemu, mtaa na watu nimeyaondoa, na majina ya roboti nimeyabadilisha. Hesabu sijazigusa, kwa sababu kisa chote kimo ndani yake.

Gemu yenyewe ni ndogo, nasi tuliitaka hivyo. Unafungua kivinjari, unapewa roboti ya chuma chakavu, unapigana na roboti ya mtu mwingine, unapata nati, unarudi karakana kuiboresha. Hakuna kupakua kitu wala kujisajili. Sisi watatu tulikulia kwenye gemu za aina hii wakati zilipokuwa zikiendeshwa na Flash, programu iliyoendesha gemu na katuni ndani ya kivinjari, kabla kampuni ya Adobe haijaacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020 na kuanza kuzuia maudhui yake tarehe 12 Januari 2021. Nyingi zilikufa siku hizo bila mtu kuziaga. Yetu tuliijenga kwa JavaScript tupu, lugha ambayo kila kivinjari huielewa, ili ifunguke kwenye kompyuta kuukuu ya saiba (duka la kukodisha intaneti) na kwenye simu ya bei nafuu bila kula bando.

Maamuzi mawili ya mwanzo yanahitaji kuelezwa, maana ndiyo yaliyokuja kugongana.

La kwanza ni kuhusu mpinzani. Gemu changa haina watu wa kutosha kukutana saa ile ile, kwa hiyo kila mchezaji alipomaliza kuboresha roboti yake, seva ilichukua nakala na kuiweka uwanjani. Ukibonyeza "Pigana", unapigana na nakala. Mwenyewe huenda amelala.

La pili ni kuhusu mahali pa kuhifadhi. Roboti yako halisi na nati zako zilikaa ndani ya kivinjari chako, kwenye hifadhi ya localStorage, ambayo kwa kawaida huipa kila tovuti nafasi ya takriban MB 5. Hatukutaka namba za simu wala barua pepe. Tulijua wachezaji wengi wangekuwa watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla hujachakata data za mtoto. Njia salama kwetu ilikuwa kutozikusanya kabisa. Uamuzi huo bado nauona sahihi, hata baada ya yaliyotupata.

## Hesabu ya ngumi na bati

Kila roboti ilianza na uhai 100, ngumi 20 na bati 5. Sheria ya pigo ilikuwa kutoa: chukua ngumi ya anayepiga, toa bati la anayepigwa, kinachobaki ndicho kinachopungua kwenye uhai. Jibu likiwa sifuri au chini yake, pigo linahesabiwa kuwa 1. Roboti mbili mpya zikikutana, kila pigo ni 15, na mapigo 7 yanamaliza kazi.

Ngazi moja ya kuboresha iliongeza 4, uiweke kwenye ngumi au kwenye bati. Ngazi ya kwanza iligharimu nati 50, ya pili 100, ya tatu 150, ya nne 200. Ukishinda unapata nati 30, ukishindwa unapata 10.

Tulijaribu sheria hii kwa wiki mbili ofisini, upande wa Ngong Road, Nairobi, na tuliipenda. Mtu aliyeweka ngazi zake nne kwenye ngumi, akawa na 36, alikutana na aliyeziweka zote kwenye bati, akawa na 21. Wa kwanza anapiga 36 kutoa 21, yaani 15. Wa pili anapiga 20 kutoa 5, yaani 15. Mapigo 7 kwa 7, na sarafu inaamua nani aanze. Gawanya mbili kwa mbili, jibu linabaki sare. Sheria ya kutoa ina tabia hiyo: roboti mbili zenye idadi sawa ya ngazi hulingana siku zote, hata ukizipanga vipi. Tulidhani tumepata mizani.

Hatukuwahi kupambanisha roboti ya ngazi nne na roboti mpya kabisa. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kisa hiki.

## Yaliyotokea

Tuliifungua gemu kwa umma mwanzoni mwa likizo ya Aprili. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, watoto hawachezi nje, saiba zimejaa. Kwenye takwimu zetu wachezaji wapya waliongezeka kila siku, nasi tulipongezana. Kilichotusumbua ni kwamba karibu wote walipigana mara tatu au nne na hawakuonekana tena.

Kisha malalamiko yakaanza kufika kwenye kisanduku cha maoni. Mengi yalisema jambo moja kwa maneno tofauti: kuna roboti hazipigiki.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla. Mgeni mwenye ngumi 20 anahitaji mapigo mangapi kumwangusha mtu, kulingana na ngazi za bati la huyo mtu? Bila ngazi, 7. Ngazi moja, 10. Mbili, 15. Tatu, 34. Nne, 100.

Tazama mruko huo. Kila ngazi imeongeza 4 tu, lakini ile ya nne peke yake imemwongezea mwenye bati mapigo 66 ya kuvumilia. Ukiweka ngazi hizo nne kwenye ngumi badala ya bati, unachopata ni kumwangusha mgeni kwa mapigo 4 badala ya 7. Ngazi nne zote ziligharimu nati 500, yaani ushindi wa mechi 17. Mtoto mwenye bidii alizipata kwa mchana mmoja.

Watu wawili wenye mabati manene wakikutana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja alimpunguzia mwenzake 1 kwa pigo. Raundi 100. Kila raundi ilichukua kama sekunde 3, kwa hiyo pambano lilikwenda dakika tano. Kwenye saiba inayotoza shilingi moja kwa dakika, hizo ni shilingi tano za mtoto kutazama vyuma viwili vikigongana bila kuumizana.

## Uamuzi wa kwanza: kupunguza bati

Tulikuwa na haraka. Nilipendekeza bati liongezeke kwa 2 kila ngazi badala ya 4, wenzangu wakakubali, na saa tano usiku mabadiliko yakaingia. Mwenye ngazi nne alilala na bati 21 akaamka na 13. Mgeni sasa angemwangusha kwa mapigo 15. Kwenye karatasi tulikuwa tumemaliza.

Hatukuweka tangazo lolote. Hatukurudisha nati. Tulijiambia kwamba ni marekebisho madogo, na kwamba watoto hawasomi matangazo.

Kulikuwa na makosa matatu ndani ya hatua hii moja, na hatukuona hata moja usiku ule. Ukuta haukubomoka, ulisogezwa: bati 21 lilirudi pale pale mtu alipofika ngazi ya nane, ambayo kwa jumla ni nati 1,800, ushindi wa mechi 60. Pili, ule usawa wa ngumi na bati niliouringia ulikufa. Mwenye ngumi 36 sasa alimwangusha mwenye bati 13 kwa mapigo 5, huku mwenzake akihitaji 7, kwa hiyo aliyechagua bati alikuwa amechagua kushindwa. La tatu ni kubwa zaidi, na sikulielewa mpaka nilipokwenda kulitazama.

## Siku moja saibani

Mwenye saiba hiyo ni mama mmoja wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ambaye watoto humwita Anti. Tulimfahamu kupitia mchoraji wetu. Alinipigia simu akasema, "Kijana wangu, njoo uone hawa watoto. Mmewafanyia nini?" Nilipanda matatu hadi katikati ya jiji, nikabadilisha nyingine, nikafika saa nane mchana mvua ikinyesha.

Kompyuta zilikuwa tisa. Kijana wa miaka kama kumi na miwili alinitambulisha kwa wenzake kwa kunielekezea kidole, kisha akaniuliza moja kwa moja: "Anko, nani alikula bati yangu?"

Alikuwa akicheza kwenye simu ya kakake nyumbani na kuja saibani na wenzake. Roboti yake ya simuni ilikuwa na ngazi nne za bati. Alikumbuka kila nati. Alijua ya 150 aliipata lini na ya 200 aliipata baada ya kumshinda nani. Nilianza kumweleza habari za usawa wa wageni, akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Lakini mimi nililipa." Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna. Alikuwa amelipa kwa kitu pekee ambacho gemu yetu ilikubali kupokea, muda wake, na sisi tulichukua alichonunua usiku akiwa amelala.

Jambo la pili la siku hiyo lilitokea kwenye kompyuta ya dirishani. Msichana mmoja alibonyeza "Pigana", nakala ya mpinzani ikatokea, naye akapiga kelele: "Hii ni yangu! Hii ni yangu ya jana!" Jina lilikuwa lake, rangi ya zambarau aliichagua yeye. Roboti aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa mpya, ngumi 20, bati 5. Ile ya jana ilimwangusha kwa mapigo machache na kuchukua ushindi.

Nilimuuliza Anti kuhusu kompyuta zake. Kama saiba nyingi, ameweka programu inayorudisha kompyuta katika hali yake ya mwanzo kila inapowashwa upya, kusudi mteja asikute barua pepe ya mteja aliyetangulia wala virusi vyake. Ni ulinzi mzuri na ana haki ya kuuweka. Lakini kila usiku akizima, na kila stima inapopotea katikati ya mvua, roboti zote zilizokuwa ndani ya vivinjari vile zinafutika. Nakala zake kwenye seva yetu zinabaki.

Hapo takwimu zetu zikageuka mbele ya macho yangu. Wale "wachezaji wapya" waliokuwa wakiongezeka kila siku walikuwa watoto wale wale. Tulikuwa tumewafanya wageni wa kila asubuhi, kisha tukawapeleka uwanjani kupigana na roboti walizojenga wenyewe na kuporwa.

## Uamuzi wa pili

Tulirudi ofisini na kukubaliana kutogusa chochote kwa siku tatu. Lilikuwa jambo gumu, maana malalamiko yaliendelea, lakini hatukutaka kuwabadilishia watu sheria mara ya pili kisha ya tatu.

Mwenzetu wa seva alipendekeza tuibakize sheria ya kutoa ila tuinue kiwango cha chini cha pigo: badala ya 1 liwe robo ya ngumi. Mgeni angepiga 5 hata dhidi ya bati nene, na mapigo 20 yangetosha. Ni njia rahisi na gemu nyingi huishi nayo. StarCraft, gemu ya vita ya kompyuta, tangu 1998 hutoa bati kwenye pigo na kuacha kima cha chini cha nusu ya pointi moja. Niliikataa kwa sababu moja. Mtu akishafika kwenye kima hicho dhidi ya ngumi 20, kila ngazi ya bati anayonunua baadaye haimsaidii kitu dhidi ya wapinzani hao. Karakana ingemuuzia hewa kwa nati 250, na hakuna mahali skrini ingemwambia.

Tukachagua kugawanya badala ya kutoa. League of Legends, gemu nyingine ya mapigano, hufanya hivyo: pigo linazidishwa kwa 100 na kugawanywa kwa 100 kujumlisha kinga. Sisi tulitumia 20, kwa sababu namba zetu ni ndogo. Pigo likawa ngumi mara 20, gawanya kwa 20 kujumlisha bati. Nikarudia ile hesabu ya mgeni, bati likiongezeka kwa 4 kama mwanzo: 7, 8, 9, 10, 11. Ngazi moja, pigo moja zaidi. Nakumbuka nilivyoiandika safu hiyo ubaoni na chumba kikanyamaza.

Safari hii tulijaribu kila kitu dhidi ya kila kitu, na tukakuta kasoro: ngazi nne za ngumi zilishinda ngazi nne za bati kwa mapigo 6 dhidi ya 7. Sababu ni kwamba ngazi ya ngumi huongeza 4 juu ya 20, sehemu ya tano, ilhali ngazi ya bati iliongeza 4 juu ya 25, ambayo ni 20 ya sheria pamoja na bati 5 la kuanzia. Haifiki sehemu ya tano. Tulipolipandisha bati hadi 5 kwa ngazi, pande zote mbili zikawa mapigo 7. Mgeni dhidi ya bati la ngazi nne akahitaji mapigo 12. Bado anashindwa, na ni haki ashindwe, mwenzake amefanya kazi. Tofauti ni kwamba anaona uhai wa mpinzani ukishuka.

Wapinzani tukawapanga kwa jumla ya nati zilizotumika, tofauti isizidi 200, na pasipokuwa na nakala inayofaa seva inaunda roboti ya kujaza nafasi. Nakala ambayo mwenyewe hajaifungua kwa siku saba inaondolewa uwanjani.

Kisha yale ya kurudisha. Mchezaji alipofungua gemu, gemu ilihesabu nati zote alizowahi kutumia, ikazirudisha na kumwekea roboti yake mezani ikiwa imefunguliwa vipande. Juu yake kauli nne fupi ambazo mchoraji alikataa ziandikwe kwa herufi ndogo: tumebadilisha hesabu ya bati, usiku ule tulikosea kutokuambia, nati zako hizi hapa, jenga upya.

Kuhusu kompyuta za saiba, tulihamishia roboti kwenye seva bila kuomba jina wala namba ya mtu. Mwanzo tulitumia herufi na tarakimu nane, lakini watoto walichanganya sifuri na O, moja na I, wakafungiwa nje. Tukabadilisha kuwa maneno matatu ya Kiswahili kutoka orodha ya maneno 500, mfano ndizi-kofia-radi. Hiyo inatoa michanganyiko 125,000,000, na seva haikubali kubahatisha mara nyingi. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Waliyakariri kama majina ya wachezaji wa mpira.

## Matokeo

Yule kijana wa bati alipata nati zake 500. Niliambiwa aliziweka mbili kwa mbili, ngumi na bati, na kwa hesabu mpya kila pigo lake linazidi kidogo pigo la aliyeziweka zote upande mmoja, ingawa idadi ya mapigo ya kumaliza inabaki sare. Aliligundua mwenyewe.

Watoto wa kompyuta za Anti walianza kurudi siku ya pili na roboti za siku ya kwanza. Wachezaji "wapya" kwenye takwimu walipungua ghafla, na mwenzetu mmoja alishtuka mpaka tulipomkumbusha kwa nini. Wapo ambao hawakurudi kamwe. Roboti zao zilifutika kabla hatujajenga njia ya kuzihifadhi, na hatukuwa na namna ya kujua ipi ilikuwa ya nani. Ile ya zambarau tuliitafuta kwenye nakala kwa jina, tukaipata, na Anti akampa msichana yule maneno yake matatu kwenye kipande cha karatasi ya risiti.

## Uchambuzi

Jaribio letu la mwanzo lilipima kitu cha kweli na kisichotosha. Roboti zenye ngazi sawa kulingana ni sifa njema, lakini gemu inayoanza haina uwanja wa watu sawa. Ina mgeni wa leo na mwenyeji wa wiki iliyopita. Jedwali la kuangalia kwanza ni la hao wawili, na lingetuchukua nusu saa.

Uamuzi wa kutokusanya data za watoto ulikuwa sahihi, ila tuliutumia kana kwamba njia mbadala ni moja tu, kivinjari. Tulijenga kwa kufikiria mtu mwenye kifaa chake. Eastlands kifaa ni cha kakako, cha saiba, cha jirani. Maneno matatu hayana jina la mtu ndani yake na yanamfuata mtoto kokote. Tungeweza kuyaweka siku ya kwanza.

Kupunguza bati usiku bila kusema kulitugharimu kuliko hesabu mbovu yenyewe. Hesabu mbovu watoto waliilalamikia lakini waliendelea kuizunguka; kuna waliokuwa wamegundua wapinzani wa kuwakwepa. Kunyang'anywa hawakuwa na la kufanya. Tulikuwa na mpango wa kuuza nati kwa M-Pesa mwezi uliofuata. Tungekuwa tumeshaanza, usiku ule tungekuwa tumekata thamani ya kitu ambacho mzazi wa mtu amelipia pesa. Mpango huo tumeusimamisha, na mimi nashikilia usimame hadi kila badiliko la bei au nguvu liwe linatangazwa siku saba kabla, ndani ya karakana yenyewe.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni zile siku tatu za kutogusa kitu. Ndani yake ndimo tulimogundua kasoro ya 6 kwa 7, ambayo ingetoka nje kama tungekimbilia kurekebisha.

Na kuna moja halijakaa sawa bado. Watoto wadogo wa saiba ile walisahau maneno yao, Anti akaanza kuwaandikia nyuma ya daftari lake la kuhesabia dakika. Wiki mbili baadaye mkubwa mmoja akachungulia, akafungua roboti ya mdogo na kutumia nati zake zote kwenye ngumi. Tumerudisha nati hizo kwa mkono. Sasa tunajaribu kuongeza kitu cha nne juu ya maneno matatu: picha, ambayo mtoto anaichagua mwenyewe kati ya kumi na mbili na haiandikwi popote, inayoombwa karakana tu wakati wa kutumia nati. Anti ameshalihamishia daftari ndani ya droo.